Nasaha juu ya Mpaka, Ahadi na Fitina ya Jamaa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi ikawa pana kwa viumbe vyake, akaitenga kwa mito na milima na bahari. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyetimiza ahadi kwa rafiki na kwa adui, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baada. Enyi ndugu Waislamu, jueni ya kwamba adui aingiapo nyumbani si kila mara avunjaye mlango. Mara nyingi hufunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe, siku aliyogombana na nduguye. Na jueni tena ya kwamba ahadi ifanywayo faraghani juu ya mali ya watu wasiokuwapo, huzaa vita wasiyoyaona wale walioiandika. Mambo haya mawili yameandikwa katika khabari za pwani hii, na ajuaye kusoma alama za jana hahitaji kuonywa mara mbili.

Mtu wa pwani aliyesafiri hata Ringwani, katika nchi ya Mara, pande za Serengeti na Tarime, hujiona yu mbali na kwao. Haoni mnazi wala tanga la jahazi. Huona makundi ya ng'ombe, na mashamba ya mahindi na mtama. Na watu wa huko, Wakuria na Wangoreme, wana lugha zao na ada zao. Husema moyoni mwake, "Hawa na sisi tuna nini?" Lakini kiko kitu kinachomfunga mtu wa Ringwani na mtu wa Vanga, na wengi hupita juu yake pasipo kukijua. Kaskazini ya Ringwani, ukipita Tarime, upo mpaka wa Tanzania na Kenya. Ukiufuata mpaka huo kuelekea mashariki na kusini, hupita katika malisho ya Wamasai, huuzunguka mlima wa Kilimanjaro, kisha hunyoka tena hata ufike baharini karibu na Vanga, kwa Wadigo. Huo ni mstari mmoja. Mwanzo wake u pwani, na mwisho wake u katika ziwa la Victoria, pembeni mwa nchi ya Wakuria.

Mstari huo haukukatwa na Wadigo wala na Wamasai wala na Wakuria. Uliandikwa katika maafikiano ya Waingereza na Wadachi, ndio Wajerumani, mwishoni mwa mwezi wa Oktoba na siku ya kwanza ya Novemba, mwaka 1886. Walisema: uanzie mlango wa mto Umba, upite kaskazini ya Kilimanjaro, kisha uende sawa mpaka upande wa mashariki wa ziwa, pale panapokatwa na daraja moja kusini ya mstari wa ikweta. Nchi ya Wakuria ilikuwa haijapimwa bado. Kipimo kilikuwa juu ya karatasi, na kalamu ilipita palipokuwa na malisho na visima na makaburi, na waliozikwa humo wana watoto wao pande zote mbili hata leo.

Na Seyyid Barghash bin Said, aliyekuwa Sultani wa Unguja, hakuwa na mkono katika kuukata mstari huo. Wajumbe wa dola tatu, Uingereza na Udachi na Ufaransa, walikwisha kuzunguka pwani wakichungua mamlaka yake yafika wapi. Kisha akaambiwa: fungu lako ni visiwa, na ukanda wa pwani upana wake maili 10 tangu pande za Ruvuma hata Kipini, na bandari kadha za kaskazini. Bara yote iliyokuwa ikipokea misafara yake ikatoka mkononi mwake. Akakubali katika Desemba 1886, kwani manowari za Wadachi zilikwisha kutia nanga mbele ya mji wake mwaka uliotangulia. Akafariki Machi 1888.

Sasa tazameni dini yasemaje. Imepokewa katika Hadithi zilizo sahihi ya kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimlaani mwenye kugeuza alama za mipaka ya ardhi; na ya kwamba mwenye kudhulumu ardhi, ijapokuwa kiasi cha shibiri moja, Siku ya Kiyama atavikwa shingoni kiasi hicho kutoka ardhi saba. Ikiwa shibiri moja ina uzito huu, nchi nzima itakuwaje? Na Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya An-Nisaa kwamba amana zirudishwe kwa wenyewe, na ya kwamba wanaohukumu kati ya watu wahukumu kwa haki. Basi mapatano ya watu wawili juu ya kitu cha mtu wa tatu, naye hayupo wala hakuulizwa, katika Sheria si mapatano. Jina lake ni dhuluma, hata yakipigwa muhuri wa dhahabu.

Lakini, enyi ndugu, mwenye kusoma khabari hizi akasema, "Kosa lote ni la wageni," akafunga kitabu akalala, huyo hakusoma ila nusu. Nusu ya pili ni khabari ya jamaa wa Kimazrui, nayo ni nzito zaidi kwa watu wa pwani.

Mazrui walikuwa maliwali wa Mombasa tangu karne ya 18. Mwaka 1824, walipoogopa nguvu za Seyyid Said bin Sultan, walitaka himaya ya Uingereza, na nahodha wa manowari, jina lake Owen, akaikubali, bendera ya Kiingereza ikatwekwa Mombasa. Walidhani wamepata ukuta. Lakini dola ya Uingereza ilikuwa na urafiki na Seyyid Said, ikaona faida yake haimo Mombasa, ikaikataa himaya ile, na mwaka 1826 bendera ikashushwa. Ndipo ilipowapasa kujua ya kwamba himaya ya mgeni ni kivuli cha wingu: hukuja pasipo kuitwa na huondoka pasipo kuaga. Kisha mfarakano ukaingia ndani ya mji na ndani ya nyumba yao wenyewe, na mwaka 1837 Seyyid Said akaishika Mombasa. Wakubwa wao wakakamatwa wakapelekwa Bandar Abbas. Waliosalia wakagawanyika: fungu moja likakaa Takaungu, kaskazini, na fungu moja likakaa Gasi, kusini.

Miaka ikapita. Pwani ya kaskazini ikaingia katika mikono ya Kampuni ya Kiingereza, kwa idhini aliyoitoa Seyyid Barghash mwaka 1887. Mapema mwaka 1895 akafariki Sheikh Salim bin Khamis, mkubwa wa Takaungu. Wakasimama wawili kudai mahali pake. Mmoja ni Rashid bin Salim, mwanawe marehemu. Wa pili ni Mbaruk bin Rashid, mtoto wa nduguye marehemu, aliyekuwa mkubwa kwa umri, na ambaye wengi waliona haki ni yake. Hilo lilikuwa jambo la nyumba. Lilitaka wazee wakae, kadhi asikilize, na watu wa jamaa waape mbele ya Mola wao. Lakini kabla shauri halijaiva ndani, Kampuni ilitia mkono ikamchagua Rashid bin Salim, kwa kuwa ilimwona mwepesi kwake. Na hapo ugomvi wa binamu wawili ukageuka kuwa vita vya dola.

Mbaruk huyu kijana, na nduguye Aziz, wakatoka wakaenda bara kwa silaha. Askari wakatumwa nyuma yao mwezi wa Juni 1895. Wakakimbilia kusini kwa mzee wao wa Gasi, naye jina lake pia ni Mbaruk bin Rashid, mtoto wa liwali wa mwisho wa Kimazrui katika Mombasa. Mzee huyu alikwisha kupigana na masultani wa Unguja mara kadha wa kadha, kisha akapatana na Kampuni. Sasa akawa kati ya mambo mawili: kuwatoa watoto wa jamaa yake waliomkimbilia, au kuvunja mapatano yake na wenye nguvu. Akasitasita, na mwenye kusitasita kati ya mito miwili huchukuliwa na maji. Mwezi wa Agosti 1895 Amiri wa manowari, Rawson, akapanda na majeshi yake hata Mweli, ngome ya mzee huyu, akaitwaa. Vita havikwisha kwa hilo. Vilienea nyika na pwani, na watu wa pande zote mbili wakachoma vijiji na kupora, hata serikali ikaleta askari kutoka Bara Hindi mwaka 1896.

Na wenye kuumia ni nani? Waliumia Wagiriama na Wadigo, ambao mashamba yao yalikuwa njia ya majeshi. Waliumia watumwa waliokokotwa huku na huko na mabwana wao. Waliumia wanawake wa Takaungu na Gasi ambao hawakuulizwa ni nani awe mkubwa. Haifai kusimulia vita vile kana kwamba upande mmoja ulikuwa malaika watupu. Katika jeshi la waasi walikuwamo wenye kutetea haki ya jamaa, na walikuwamo wenye kutetea utumwa na faida yao. Na katika jeshi la serikali walikuwamo wenye kusema wanaleta amani, huku moto u mikononi mwao. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye nia za wote.

Sasa njooni kwenye mstari. Mwezi wa Aprili 1896 mzee Mbaruk wa Gasi, ameshindwa, akauvuka mpaka ule ule wa mwaka 1886 pamoja na watu wake zaidi ya 1,000, akaingia nchi ya Wadachi, akajisalimisha kwa gavana wao, Wissmann. Mstari uliochorwa kuwagawa watu sasa ukawa kimbilio lake. Wadachi wakampokea, wakamweka Dar es Salaam, akakaa huko hata alipofariki mwaka 1910. Msiseme, "Hakika Wadachi walikuwa na huruma." Wissmann huyo huyo ndiye aliyevunja vita vya Abushiri bin Salim al-Harthi, na Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Abushiri alikuwa Mwarabu Mwislamu aliyeondoka kupinga bendera ya wageni, na Mbaruk vile vile. Mmoja akapewa kamba na mmoja akapewa nyumba. Tofauti ilikuwa hii: Abushiri alimwasi Mdachi, na Mbaruk alimwasi jirani ya Mdachi. Dola hupokea mwasi wa jirani yake kama mcheza karata apokeavyo karata: huiweka mkononi kwa siku itakayofaa.

Na mwaka ule ule, tarehe 27 Agosti 1896, Rawson yule yule aliipiga kwa mizinga nyumba ya kifalme ya Unguja, kwa sababu Seyyid Khalid bin Barghash alikalia kiti pasipo ridhaa ya Waingereza. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Wadachi, wakamchukua Dar es Salaam naye. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Waingereza wakamkamata, wakamhamishia visiwa vya mbali. Akafariki Mombasa mwaka 1927. Kimbilio la mpaka lilikuwa na muda wake, na muda ulipokwisha, karata ikachezwa.

Wala mambo haya hayakuwa ya Afrika peke yake. Tazameni Bara Arabu, nchi ya jangwa, ambako mchungaji hufuata mvua kama Mmasai na Mkuria wafuatavyo malisho. Mwezi wa Desemba 1922, katika bandari ya Uqair, mjumbe wa Uingereza, Sir Percy Cox, alikata mipaka kati ya Najd na Iraq na Kuwait. Sheikh wa Kuwait hakuwapo, na sehemu kubwa ya nchi aliyoidai ikatolewa ikapewa Najd. Makabila ya Kibedui, ambayo visima vyao vilikuwa huku na malisho yao kule, wakaambiwa kuna mstari mchangani. Waliokata mstari wakaona wenyewe ya kwamba jangwa halikatiki, wakaacha vipande viwili vya nchi visivyo na mwenyewe, ili wachungaji wa pande zote walishe humo.

Katika makabila hayo walikuwamo wale walioitwa Ikhwan, wapiganaji waliomsaidia Abdulaziz bin Saud kuteka nchi nyingi. Sheikh wao mmoja ni Faisal ad-Duwaish wa Mutair, na mwingine ni Sultan bin Bijad wa Utaiba. Ibn Saud alikuwa na ahadi na Waingereza, nao Ikhwan hawakuutambua mpaka; wakaendelea kuuvuka na kuua, na waliouawa walikuwa Waislamu kama wao. Mwaka 1927 watu wa Mutair wakakishambulia kituo cha Busayya, katika Iraq. Waingereza wakatuma ndege kuwapiga jangwani. Mwisho Ibn Saud mwenyewe akawapiga waliokuwa mkono wake wa kulia, katika vita vya Sabila, Machi 1929. Sultan bin Bijad akafungwa. Ad-Duwaish akaendelea na uasi, kisha akasukumwa hata mpaka wa Kuwait, na Januari 1930 akajisalimisha kwa Waingereza, wale wale aliokuwa akiwaita adui wa dini. Nao wakamrudisha kwa Ibn Saud, kwa sharti asiuawe. Akafariki katika kifungo mjini Riyadh mwaka 1931.

Pimeni, enyi wenye akili. Mbaruk aliwakimbia Waingereza akaenda kwa Wadachi, hakurudishwa. Ad-Duwaish alimkimbia mfalme Mwislamu akaenda kwa Waingereza, akarudishwa. Hakuna katika hayo mawili aliyehukumiwa kwa haki wala kwa kosa lake. Kila mmoja alipimwa kwa mizani ya faida ya yule aliyempokea. Hiyo ndiyo adhabu ya watu walioshindwa kuhukumiana wao kwa wao: hupelekwa kwa hakimu ambaye kesi yao si kitu kwake.

Na ikiwa mtu atauliza, "Je, imekuwa nini njia ya Mtume katika mambo ya ahadi na mkimbizi?" jibu ni khabari ya Hudaibiya, katika mwaka wa sita wa Hijra. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipatana na Makureshi mchana kweupe, mbele ya watu wake. Sharti moja lilikuwa zito: atakayetoka Makka kwenda kwa Waislamu pasipo ruhusa ya walii wake, atarudishwa. Wino haujakauka, akaja Abu Jandal, Mwislamu, amefungwa minyororo, naye ni mtoto wa Suhail bin Amr, aliyeshika mapatano kwa upande wa Makureshi. Nyoyo za masahaba zilipasuka. Lakini Mtume alikwisha kutoa ahadi, akamrudisha, akamtaka asubiri, na akamwahidi ya kwamba Mwenyezi Mungu atamfanyia njia yeye na wanyonge wenziwe. Na njia ikapatikana: waliokosa pa kwenda wakakusanyika kando ya bahari pamoja na Abu Basir, misafara ya Makureshi ikawa hatarini, hata Makureshi wenyewe wakaomba sharti lile lifutwe. Na siku ile ambayo macho yaliiona kuwa ya unyonge, Mwenyezi Mungu akaiita ushindi ulio wazi.

Tofauti iko wapi kati ya Hudaibiya na mstari wa 1886? Iko katika mambo matatu. Hudaibiya wenye jambo walikuwapo wote wawili. Maneno yaliandikwa na kusomwa wazi. Na aliyetoa ahadi aliishika hata ilipomwuma. Ahadi yenye nguzo hizo tatu husimama. Ahadi iliyokosa hata moja huanguka juu ya vichwa vya watoto.

Na ushahidi wa hayo uko Mombasa. Tarehe 1 Julai 1895, katikati ya vita vile vya Mazrui, Kampuni ilipoondoka na dola ya Uingereza ikashika mahali pake, lilifanywa baraza mbele ya masheikh na watu wa mji. Lloyd Mathews, waziri wa Sultani Hamed bin Thuwaini, alitangaza kwa amri ya bwana wake, naye Hardinge, balozi mkuu wa Uingereza, yupo, ya kwamba mambo ya dini ya Kiislamu yatahifadhiwa kwa heshima, na desturi za kale zitaachwa ziendelee. Neno hilo lilisemwa mbele ya masikio mengi. Watu wakalishika, wakalirudia kila waliposhtakia. Mwaka 1963, ukanda wa pwani ulipounganishwa na Kenya iliyokuwa ikielekea uhuru, mahakama ya makadhi yakatajwa katika mapatano. Na yamo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Dola zimepita nne, Kampuni na Uingereza na Sultani na koloni, na neno la baraza bado lina pumzi. Ndiyo faida ya ahadi yenye mashahidi.

Na katika nyumba ile ile ya Mazrui, ambayo bunduki zake zilinyamazishwa mwaka 1896, akatoka Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyezaliwa 1891. Alipokuwa mtoto mdogo jamaa zake walikuwa wakiwindwa nyikani. Naye akashika elimu na kalamu, akatoa magazeti ya kuwazindua Waislamu katika lugha yao, na tangu 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya hata alipofariki mwaka 1947. Bunduki ya jamaa yake haikurudisha Takaungu wala Gasi. Kalamu yake imefika mahali ambako bunduki haikufika.

Basi, enyi ndugu, nasaha hii haikuandikwa kwa ajili ya wafalme, kwani wafalme hawasomi vitabu vidogo. Imeandikwa kwa ajili ya mwenye duka, na nahodha, na mkulima, na mwenye kusafiri hata Ringwani kununua na kuuza.

Kwanza, mgombanapo juu ya urithi, shamba au ukubwa wa nyumba, msitoke nje kabla ya kumaliza ndani. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Al-Hujurat ya kwamba makundi mawili ya waumini yakipigana, yasuluhishwe. Na moja likimdhulumu mwenziwe, lizuiliwe hata lirejee. Na likirejea, wasuluhishwe kwa uadilifu. Angalieni: sulhu imetangulia, na sulhu imekuja mwisho. Ndugu anayekwenda kwa mkubwa wa nje amsaidie kumshinda nduguye, hata akishinda, amekwisha kumwuzia mkubwa yule ufunguo wa nyumba.

Pili, msiwe watu wa kabila mbele ya haki. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufunza ya kwamba mwenye kuuawa chini ya bendera ya upofu, akighadhibikia ukoo wake tu, kifo chake ni cha ujahili. Haya hayawahusu Mabedui wa Mutair peke yao. Yanamhusu Mwarabu na Mswahili, Mbajuni na Mdigo, na yeyote ambaye huuliza "Ni wa kwetu?" kabla ya kuuliza "Ni kweli?"

Tatu, mwendapo kwa watu wa Mara, msiwadharau kwa kuwa si watu wa bahari. Wakuria wana baraza lao la watu wote, waliitalo iritongo, ambamo jambo husemwa wazi, kila mtu akisikia. Hilo walikuwa nalo, na jamaa ya Takaungu ililikosa siku ilipolihitaji. Hekima ni kitu kilichompotea muumini. Akikiona popote, ana haki nacho.

Nne, na hili ndilo la mkononi. Mpaka uliokatwa 1886 umewafanya wezi wa mifugo kuwa na mlango wa nyuma: ng'ombe akiibwa upande mmoja, huvushwa usiku, na asubuhi yuko chini ya serikali nyingine. Koo zimeuana kwa ajili ya mifugo hiyo, na wajane wa pande zote mbili wamekaa eda. Mwislamu anayenunua ng'ombe kwa bei ya chini, naye aona haya kuuliza ametoka wapi, amekula katika dhuluma ile ile ya 1886, ijapokuwa kwa kijiko kidogo. Ulizeni asili ya mnyama. Takeni mashahidi na hati. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, imekuja kufundisha kuandika madeni na kushuhudisha biashara, haikuja bure.

Na tano, mkitoa ahadi, itoeni wazi, na mkiitoa, ishikeni. Msimwachie mwanenu karatasi asiyoijua, wala msitie sahihi juu ya fungu la yatima au la dada aliye mbali. Mstari uandikwao leo kwa haraka juu ya shamba la mtu asiyekuwapo, wajukuu watautembelea kwa mapanga.

Mataifa yaliyopata uhuru Afrika yalikutana Cairo mwezi wa Julai 1964, wakakubaliana kuishika mipaka waliyoikuta, kwani kuibomoa kungeleta vita vingi zaidi. Mstari wa Vanga na Mara umebaki hivyo. Na mwenye kuukuta ukuta asioujenga, akawa hawezi kuubomoa pasipo kuwaangukia watoto, na autoboe mlango: mlango wa biashara halali, na wa kuoana, na wa kuzikana, na wa kusalimiana kwa jina la Mola mmoja aliyeumba pande zake zote mbili.

Mwenyezi Mungu awaongoze Waislamu wa pwani na wa bara katika kutimiza ahadi, awasuluhishe waliofarakana, awarehemu waliokufa katika fitina ambazo hawakuzianza, na awafishe waja wake hali hawana shibiri ya mtu shingoni mwao. Amin.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.